Picha ya Hemedi Ndani ya Juzuu

Wako watu mikasa yao huisimulia huku wakicheka, mie huu nausimulia uso nimeuinamisha, na ningeuacha ufe na mimi lau si kwamba waliokuwapo siku ile wengi wameshatangulia mbele ya haki, na hao waliobaki wanauhadithia vibaya, wanautia chumvi, kana kwamba wenyewe ulivyokuwa haukutosha. Aibu nimeziona nyingi (nimewahi kuanguka na sinia la biriani mbele ya wakwe zangu, mwaka wa kwanza wa ndoa), lakini zile zilikuja zikapita. Hii ilikuja ikakaa.

Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi, tunapanga foleni ya mchele na unga. Nilikuwa mjane, nakaa Mji Mkongwe, darini, na mjukuu wangu Zuhura niliyemlea tangu mdogo, na chini barazani nikiuza maji ya ukwaju. Zuhura alikuwa keshaposwa. Kijana mwenyewe ametulia, na mama yake, Bi Salma, alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi, akiingia nyumbani kwako anaangalia mpaka nyuma ya mlango. Mahari yameshasemwa, imebaki kutaja siku tu, na kila mtu anajua kwamba posa kabla ya siku kutajwa ni kama yai mkononi.

Sasa nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanja cha mpira wa kikapu, na vijana wa mtaa walikuwa na timu yao, kila alasiri wanaruka pale na vipande vya suruali na fulana. Na mie ndo nilikuwa askari. Msichana akisimama pale kuangalia namtolea sauti kutoka dirishani: "We mtoto wa fulani! Hapo pana mnada? Nenda kwenu!" Walikuwa wakiniogopa kweli kweli, na mie, Mungu anisamehe, nilikuwa nikipenda kuogopwa.

Basi mpiga picha mmoja wa mtaa wa pili akaja na ujanja wake. Akawapiga picha wachezaji wale, mmoja mmoja, fulana na nambari yake, akazisafisha ndogo ndogo kadiri ya karata za kuchezea, akawa anaziuza. Vijana wakazivamia. Ukishanunua unamfuata mchezaji mwenyewe akutilie sahihi juu ya picha yake, na mwenye kumaliza timu nzima, wote na sahihi zao, anatembea mtaani kama mwenye meli.

Siku moja nikakunjua kanga ya Zuhura nikakuta picha ya nambari saba, na sahihi juu.

"Nini hiki?"

"Picha tu, bibi. Shoga yangu kanipa."

"Picha tu! Mtoto wa watu kakuposa, wewe unalala na mwanamme mapaja nje?"

"Bibi, si mchezo tu, hata wanafunzi wa kike wanazo."

"Wana mabibi zao. Wewe bibi yako ni mimi."

Nikaichukua. Hapo ndipo ningeichana, mambo yakaisha. Sikuichana. Nilisema nitaichana kesho, nikaitia kwenye sanduku langu la kanga, na alasiri yake nimekaa dirishani nachagua mchele nikamwona yule nambari saba yuko kiwanjani, ndo yuyo huyo, nikasema kumbe hiki kijitu ni chepesi hivi. Kesho yake nikamtazama tena. Baada ya wiki nilikuwa najua nani anapiga kwa mkono wa kushoto na nani mchoyo wa mpira.

Na mie nina maradhi yangu, kitu pungufu hakinipi usingizi. Kikombe kimoja cha seti kikivunjika nitazunguka Darajani yote kutafuta mwenzake. Kanga nikiwa na upande mmoja bila wa pili naona kama nina mguu mmoja. Sasa nina nambari saba, wenzake wako wapi? Nikajifunga buibui, nikajifunika uso, nikaenda kwa mpiga picha nikanunua wote waliobaki (nikaibana na sauti yangu, kama mwizi). Halafu sahihi. Wale vijana wakimaliza mpira huja barazani kwangu kunywa ukwaju, na mie, bila hata kufikiri mara mbili, nikawa nawatolea picha zao na kalamu.

"Hebu tia sahihi hapa, mjukuu wangu ananitia wazimu."

Wanatia, wanacheka. "Mwambie Zuhura aje mwenyewe, bibi, hatumli!"

"Haji. Nshamkataza."

Ndivyo nilivyosema. Mtoto wa watu yuko ndani anashona, hajui hili wala lile, na mie nimemwekea jina mtaani. Sikuliona kuwa ni jina. Niliona naokoa la kwangu.

Timu ikatimia, kasoro mmoja. Hemedi, yule mrefu kuliko wote, alikuwa na haya na ukwaju hanywi, unamchoma tumbo, basi barazani hafiki. Mara nikasikia kapata kazi Tanga, ataondoka kesho yake baada ya kusomwa khitma ya arubaini ya bibi yake, jirani yangu wa nyumba ya tatu.  Haki ya Mungu, badala ya kumfikiria marehemu, ambaye tulikuwa tukikopeshana chumvi na ubani, mie nafikiria picha moja isiyo na sahihi. Nikaichomeka kwenye pindo la kanga, chini ya buibui. Nikajiambia, atakapokuja pale kwenye ngazi kupokea masinia nitamvuta pembeni, atie mara moja, yaishe.

Mnaijua khitma. Msahafu unagawiwa juzuu juzuu, wanaume wanasoma chini, wanawake tunasoma juu, tukimaliza zetu zinateremshwa chini zirudi sandukuni zitimie, ndipo dua iombwe. Mie skuli sikusoma, lakini chuo cha Kurani nimesoma, na mkono wangu ndo uliokuwa ukizikusanya za kina mama, kwa kuwa naaminiwa. Kushoto kwangu kakaa Zuhura, mbele yetu Bi Salma. Niko katikati ya kusoma, pindo likalegea, naihisi picha inateleza, ikadondoka mapajani, na Bi Salma ndo anainua macho. Mkono ukafanya kabla ya akili. Nikaifunika kwa juzuu, nikaifungia ndani, nikasema nitaitoa nikimaliza.

Nilipomaliza wakaletwa watoto wachanga niwasomee, mara chetezo cha ubani kinapita, mara mwenye nyumba ananiuliza halua iteremshwe sasa au baadaye, na huku Zuhura, mtoto mwenye adabu, ananisaidia kukusanya. Akaichukua juzuu yangu, akaiweka juu ya zenzake, akazipeleka kwenye ngazi. Kukumbuka kwangu, nimebaki na mkono mtupu.

Nikakaa. Nasikiliza tu. Chini kimya, wanahesabu. Halafu mwalimu aliyekuwa akiongoza khitma akakohoa, kukohoa kule kwa mtu aliyeona kitu.

"Kina mama." Sauti ikapanda ngazini. "Ndani ya juzuu hii mna picha ya kijana na kipande. Ni ya nani?"

 Picha, tena mapaja nje, ndani ya maneno ya Mwenyezi Mungu. Halafu mmoja nyuma akanong'ona, nong'ono la kusikiwa na wote: "Si picha zile za Zuhura? Anazikusanya za timu nzima, bibi yake ndo anamtilishia sahihi." Mwingine akaitikia, "Na juzuu kazipeleka yeye."

Bi Salma akageuka, akamtazama mtoto. "Zuhura. Yako?"

Zuhura akanitazama mimi. Alikuwa keshafahamu yote, nimeona machoni mwake, na mie nikanyamaza. Naomba mnielewe hapa, si kwamba nilikosa sauti. Sauti nilikuwa nayo. Nilikuwa nangoja jambo lipite.

"Naam," akasema. "Yangu. Bibi hajui kitu."

Bi Salma akasimama. Akanyanyua buibui lake, akaanza kulifunga taratibu, na kila aliyekuwa mle alijua anafunga nini.

"Yangu mie!" Nilisimama sijui na miguu ya nani. "Picha yangu. Na za timu nzima ni zangu, ziko kwenye sanduku langu la kanga. Mtoto hana hata moja, aliyokuwa nayo nilimnyang'anya."

"Bi Rukia?" mwenye nyumba akauliza, kama ananiuliza kama naumwa. "Wewe?"

"Mie. Imebaki sahihi ya Hemedi tu."

Nilisema kwa nguvu mno. Chini walisikia, na wanaume wakapasuka kicheko, khitma nzima, mpaka mwalimu anapiga mkono sakafuni, "Jamani, jamani, tunamsomea marehemu!" Halafu miguu ikapanda ngazi, na nani, Hemedi mwenyewe, kasimama mlangoni kainama kwa urefu, macho chini, mkono mmoja picha, mwingine kalamu.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa imebaki yangu. Nitie?"

Wanawake wakaangukiana kwa kicheko. Hata mfiwa alikuwa anajifuta machozi yasiyo ya msiba.

"Usitie," nikamwambia. "Marahaba. Nenda kasome dua."

Bi Salma alikuwa bado kasimama, buibui nusu mwilini.  "Bi Rukia," akasema, "mie usiku nilikuwa silali, nasema mwanangu atauweza vipi ukali wa nyumba ile. Leo nitalala." Akakaa chini. Siku ikatajwa mwezi ule ule, na msichana akisimama kiwanjani sikumtolea sauti tena, maana wa kwanza niliyemjaribu alinijibu, "Bi Rukia, nikuchukulie sahihi?"

Hemedi kaenda Tanga, picha yake haina kitu mpaka leo. Juu ya kuitia picha ndani ya juzuu nilitubu na kulia, na namtaraji Mola ni mwingi wa kusamehe. Watu wakicheka huchekea sanduku la kanga, na mie huwaacha wacheke. Lakini njiani tulipokuwa tunarudi, Zuhura hakunilaumu, alinishika mkono tu nisijikwae, nikamwambia, mwanangu, nilichelewa. Akasema, "Ulisema, bibi."

Nilisema, ndiyo. Baada ya kumwangalia Bi Salma anafunga buibui mpaka kifuani. Tangu hapo hata sahani nikiivunja peke yangu jikoni, hakuna anayeniona, hutoka nje nikatangaza: nimevunja mimi.