Moyo wa Karimi Uliokataa Kutulia

Siku Kinya alipokuwa akijifungua, tuliokuwa jikoni kwao kule Kaaga ni hawa: Karimi, dada yangu mdogo, ambaye ndiye mama yake Kinya; Ciabaikio, mama mkwe wa Karimi, mzee sana lakini haoni kitu kikampita; na mimi. Mutwiri, bwanake Karimi, alikuwa hospitalini na Kinya, na simu yake inaita tu bila kujibiwa.

Nakumbuka tulikuwa tunaponda njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, na ndizi za kumpelekea Kinya. Karimi alikuwa mnene, mwanangu, na sisi ndio tulimsifu. Alipomzaa Kinya tulimlisha hivyo hivyo, kama desturi, na miezi ya uzazi ilipoisha hakuna aliyemwambia basi. Tulisema ameolewa pazuri.

Sasa siku hiyo ameketi, mkono kifuani. "Dada, moyo unapiga kama mtu anatwanga."

"Ni njaa hiyo," nikamwambia, nikaanza kumpakulia njahi ya bintiye.

Ciabaikio akaniondolea mwiko mkononi. "Wewe Mama Mwenda! Huyu hana njaa. Huyu ana woga. Woga unalishwa?"

Karimi akapapasa tumbo, akacheka kidogo. "Wacha nile, mama. Mjukuu akija apate mahali laini pa kulala."

Simu ikaita, ni Mutwiri. Msichana, na wote ni wazima! Tukapiga vigelegele. Moyo wangu ukatulia hapo hapo. Wa Karimi ukakataa. Furaha imefika, na bado jasho linamtoka, midomo imepauka. Tukamkimbiza hospitali ile ile.

Daktari alimpima presha, akatueleza polepole: mwili ukiwa mzito, moyo unafanya kazi ya ziada hata mtu akiwa ameketi. Wasiwasi ukija, presha inaweza kupanda na ikakawia kushuka, hata kama jambo lenyewe limekwisha.

Kinya alirudi nyumbani na mtoto. Mama yake akabaki wodini. Nilikuwa nikikaa pale nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka, naogopa hata kusinzia.

Karimi yuko hai, namshukuru Mungu. Anameza dawa, anakwenda sokoni Gakoromone kwa miguu, na akiwa na wasiwasi ananipigia simu kabla ya kufunua sufuria.

Lakini woga wangu haujaisha, mwanangu, kwa sababu yako. Tangu uanze kungoja majibu ya ile kazi uliyoomba, nakuona ukila bila njaa, na juzi ulisimama mlangoni ukishika kifua. Sikucheki, wala sisemi wewe ni mvivu. Nenda upimwe presha. Tembea kila siku, hata kama ni hadi kwa jirani na kurudi. Woga ukikujia mwambie mtu, usiupakulie sahani. Na kifua kikibana, usikubali mtu akuambie ni njaa, nenda hospitali. Mungu autulize moyo wako, akupe miaka ya kuwabeba wajukuu.

Kama kuna mahali nimechanganya, Karimi na Kinya wanisahihishe. Pengine haikuwa njahi, pengine zilikuwa ndizi peke yake. Lakini maneno ya Ciabaikio sijayakosea.