Siku Nilipong'olesha Mihogo ya Mama Mkwe

Nianze na aibu yenyewe nisije nikaizungukazunguka: mimi ndiye yule mkwe aliyeng'olesha mihogo ya mama mkwe wake mchana kweupe, mbele ya majirani, kwa sababu kompyuta ilimwambia. Mpaka leo nikishuka kwenye basi pale Mkata kuna watu wakiniona wanatazama pembeni kwanza, wanamaliza kutabasamu, ndipo wananisalimia.

Sasa ili mnielewe (sisemi mnihurumie), mimi ni mtoto wa kambini. Nimezaliwa Ngombezi kwenye nyumba za wakata mkonge, babu yangu alikuja kufanya kazi akitokea mbali na hakurudi kwao, kwa hiyo kabila langu ukiliuliza nitakujibu kwa maneno mengi. Nikamwoa Zaina, Mzigua wa Mkata, na nikaambiwa mapema kwamba kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawazungumzi ana kwa ana, na alipo yeye wewe unapita mbali. Wenyewe waliozaliwa na mila hiyo walijua pa kuilegeza. Mimi mgeni niliikaza. Nikiona kanga yake kwa mbali nachepuka porini hata kama kuna miiba, na shamba lake sikuwahi kulikanyaga, maana nilitaka sana aseme kwamba binti yake kaolewa na mtu.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kilipoachiwa watu binafsi. Bwana shamba wa kata alistaafu na hakuletwa mwingine, mbegu na dawa zikawa za madukani, anakuuzia mtu anayejua bei tu. Na hapo hapo, Korogwe, karibu na stendi, likafunguliwa duka la intaneti. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya stoo Korogwe, nina Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikajifunza kupekua kurasa za kilimo, nikawa kila nikirudi Mkata naulizwa habari za viwavi na mbolea, na mara kadhaa nikapatia. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Siku moja Zaina akaniambia, "Mama anasema mihogo yake majani ya chini yamekuwa manjano, yanapukutika. Anauliza kama hicho chombo chako kinaweza kujua ni nini."

Yaani mama mkwe kaniulizia mimi. Usingizi haukuja vizuri kwa furaha. Na jambo lenyewe halikuwa dogo, kwa sababu mahindi yalikuwa yameungua na jua mwaka ule, mihogo hiyo ndiyo ilikuwa chakula chake na wajukuu anaowalea mpaka mvua zirudi, na kulikuwa na habari za ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha muhogo ukiwa ardhini.

Nikaenda kwenye lile duka la intaneti, nikapata ukurasa unaokuuliza maswali kisha unakutajia ugonjwa. Majani yamekuwa manjano? Ndiyo. Yanaanza chini? Ndiyo. Kisha likaja swali: je, umepasua muhogo ukaona madoa ya kahawia ndani? Chini yake palikuwa na majibu matatu: ndiyo, hapana, sijui. Nikakaa nalitazama. Jibu langu la kweli lilikuwa sijui, lakini niliona haya (mbele ya mashine, jamani) kuwa mkwe asiyejua. Muda niliolipia ulikuwa unakwisha. Nikabonyeza ndiyo.

Kompyuta ikanijibu vizuri kabisa, kwa heshima zote: ng'oa, choma, anza upya na mbegu safi.

Jumamosi yake majirani wakaitana kumsaidia. Mama alikuwa upande wa pili wa shamba na wanawake wenzake, mimi nimesimama barabarani kama msimamizi, amri zangu anazipeleka Zaina. Shimo la kuchomea likachimbwa. Mihogo ikaanza kutoka, miembamba, haijakomaa. Mjomba wake Zaina, mzee Mhina, akauvunja mmoja, akautazama, akapaza sauti kunielekea.

"Mkwe, mbona huu mweupe?"

Nikamjibu kwamba ugonjwa unajificha, waendelee. Sijui neno hilo nililitoa wapi. Wakaendelea, kwa kuwa waliniamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko kilichofuata.

Akavunja wa pili na wa tatu, akaviinua juu vipande vyeupe nivione. Nikaingia shambani, nikachukua panga la mtu, nikawa napasua mmoja mmoja nimeinama, mweupe, mweupe, mweupe, nasogea mbele sioni ninakokwenda, mpaka nikaona mbele yangu miguu miwili na pindo la kanga ninayoikimbia siku zote. Nikaruka nyuma bila kugeuka, na nyuma lilikuwa lile shimo (bahati hawakuwa wamewasha moto), nikatumbukia chali juu ya mihogo ya watu.

Halafu nikasikia Mkata nzima inacheka.

Mama mkwe akaja ukingoni. Hakujifunika uso. "Umeumia, baba?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe shamba hili uliliona lini?"

Wote wakasogea ukingoni kusikia jibu. Nikiwa mle shimoni, majani yamenijaa kichwani, nikalitoa lile jibu nililolionea haya Korogwe.

"Sikuwahi kuliona, mama. Nilikuwa sijui."

Akanijibu, "Ungeniambia hujui, ningekukatia mmoja ukauona."

Hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Kilichobaki shambani kilikuwa mistari michache ya mihogo, na mvua zilipokuja ikachipua majani mabichi, ndipo tukajua lilikuwa jua tu. Ile iliyong'olewa ilimenywa ikaanikwa, ikapigwa unga wa bada, ule ugali wa muhogo, kidogo sana, na mahindi ya kufidia niliyabeba mimi kila mwisho wa mwezi, nikasaidia kupanda mashina upya, nikiwa mstari mmoja naye, tunazungumza. Nasikitika kwamba mila ya watu niliivunja kwa kuangukia shimoni, ila nakiri mazungumzo yale niliyapenda.

Siku hizi vijana wananiletea simu, wanapiga picha jani, simu inataja ugonjwa papo hapo. Sivikatai vyombo hivyo, natumia mwenyewe. Nimeapa tu kutovijibu nisichokiona. Na kama ningejaribu kusahau, mama mkwe hakuniruhusu: kila alipochemsha mihogo, mpaka uzeeni, alinitengea sahani, akamwambia Zaina kwa sauti ya kunifikia, "Mpelekee mwenzio, muulize kama na huu una madoa."

Nami nilikuwa naukata, naangalia ndani, ndipo namjibu.