Mbwa Aliyeelekea Oltepesi

Watu wa nyumbani Bungoma huniuliza ni kazi gani hii ya kubeba mbwa kwa gari kuwapelekea wagonjwa, tena bila malipo. Ilianza hivi. Nilikuwa karani Nairobi, mimi na mume wangu Wafula tukipanga nyumba Kitengela, na tulikuwa na mbwa mpole aitwaye Jeri. Daktari wa mifugo aliyemchanja alituambia kuna makao ya watoto walemavu kule Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, na kwamba mbwa mtulivu angewasaidia. Tukaanza kwenda kila mwezi. Safari ninayoisimulia ni ya mwaka wa pili, miaka ya tisini ikikaribia kuisha.

Tulikuwa tunamwendea hasa Naserian, msichana wa miaka kama kumi, ambaye mikono yake ilikuwa imekunjwa ngumi tangu kuzaliwa. Alipomwona Jeri mara ya kwanza alilia mpaka akatapika. Kwao mbwa ni wa kulinda mbuzi, hakuna anayempapasa. Tulimzoesha polepole, hadi ikafika mahali akiona mbwa anatoa sauti fulani ya kooni, na vidole vinafunguka vyenyewe vimshike manyoya.

Asubuhi hiyo tulitoka Kitengela kabla jua halijawa kali. Tulipita Isinya, tukashika barabara ya vumbi hadi Kiserian, tukanunua ndizi za watoto, kisha tukaanza kuteremka. Baada ya Corner Baridi hewa hubadilika ghafla, joto linakupiga usoni, na nchi yote ya bondeni inaonekana imekauka.

Karibu na Oltepesi gurudumu likatoboka. Wafula alishuka kulibadilisha, nami nikamfunga Jeri kwenye kivuli cha mgunga. Nilikuwa namtilia maji nilipoona mbwa mwekundu anakuja kutoka vichakani. Alitembea upande upande kama mlevi, taya limelegea, mate yanamning'inia. Jeri alinusa hewa, akarudi nyuma.

"Wafula," niliita, "angalia huyo mbwa."

Hakuwahi hata kugeuka. Yule mbwa alimrukia Jeri shingoni bila kubweka. Wafula alikuja na spana ya magurudumu, akampiga mbavuni, naye akamwachilia Jeri kama mtu aliyesahau alichokuwa akifanya. Akaingia barabarani na kukimbia kuteremka, upande tuliokuwa tunaelekea.

Nilijifunga mifuko ya plastiki mikononi, nikamwosha Jeri kidonda kwa sabuni na maji yote tuliyokuwa nayo. Tulimfungia nyuma ya pikapu, Wafula akamaliza kufunga gurudumu.

"Turudi Kitengela," Wafula alisema. "Jeri hawezi kuingia kwa watoto hivi."

"Na watoto wako nje," nikamwambia. "Leo ni siku yetu. Wamelazwa kwa mikeka wanatungoja."

Alinitazama, akaelewa. Tulikuwa tumewafundisha watoto hao kwa miezi mingi kunyoosha mikono wakiona mbwa.

Sikumbuki vizuri kipande hicho cha njia. Nakumbuka nilikuwa nachungulia kila kichaka, na kila mbuzi mwekundu aliusimamisha moyo wangu. Mbwa hatukumwona, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tulipofika Oltepesi, Mama Tipape, msimamizi wa makao, alikuja akitabasamu, akanisalimu kwa Kimaasai. "Takwenya."

"Iko," nilijibu, halafu nikamshika mkono. "Mama, kuna mbwa mgonjwa anakuja. Ni kichaa cha mbwa. Tuingize watoto ndani."

Aligeuka mara moja. Aliita wapishi kwa Kimaasai, na tukaanza kubeba watoto mmoja mmoja. Walicheka, wakidhani ni mchezo. Naserian alibaki wa mwisho kwa sababu yeye alikuwa amekalishwa kitini, mguu wake umefungwa kwa mshipi, na kifungo kilikuwa kimekwama.

Nilikuwa nimepiga magoti nahangaika na kifungo hicho nilipomsikia Naserian akitoa ile sauti yake ya kooni. Nikageuka. Mbwa alikuwa amepenya ua wa miiba, amesimama akiyumba, karibu kabisa. Naserian alikuwa amemnyooshea mkono, vidole vyote vitano viko wazi, uso wake umejaa furaha.

Niliushika mkono ule, nikavikunja vidole vyake kwa nguvu, nikambana kifuani pangu na kumpa mbwa mgongo. Alianza kulia. Nilisikia Mama Tipape akija na godoro mbele yake kama ukuta, nikasikia Wafula na wanaume wa jirani wakija na marungu. Sikugeuka. Nilifumba macho nikasubiri meno. Kisha Wafula akaniambia, "Basi. Amekufa. Mwachilie mtoto, unamuumiza."

Mchana huohuo tulirudi, Jeri nyuma akikuna kidonda. Kitengela mimi na Wafula tulichomwa sindano, na daktari wa mifugo akamchanja Jeri tena, akaagiza afungiwe peke yake kwa majuma mengi. Kila asubuhi nilichungulia kwenye ufa wa mlango kuona kama anakunywa maji. Siku alipochelewa kuamka nilikaa chini nje ya mlango huo, nikashindwa kwenda kazini. Lakini Jeri alipona.

Tuliporudi Oltepesi nilimwambia Mama Tipape tulikosea. Tuliwaondolea watoto hofu yote, hatukuwaachia hata ile wanayoihitaji.

"Sasa wafundishe kungoja," alisema. "Mbwa aje na mtu wake, na mtu huyo aseme ni sawa."

Hicho ndicho nilichojifunza, na ndicho ninachowafundisha wengine wanaoanza kazi hii. Siku hiyo nilimleta Jeri taratibu, nikasema, "Naserian, ni sawa." Alimtazama Jeri, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Mkono wake ulibaki ngumi, kifuani, pale nilipoubana. Sikuufungua. Niliketi karibu naye mkekani, nikangoja.