Idi Kubwa Si Ile Niliyodhani

Leo nimejua kwamba mimi ndiye niliyempotezea dada yangu likizo yake.

Hatujaonana miaka miwili. Mimi nafanya kazi Riyadh, Mwende yuko Jeddah, huku Al-Safa.

Madam wangu aliniahidi, "Idi Kubwa tutaenda Jeddah kwa mamangu."

Mimi ni Mkristo wa Kitui. Nilijua kubwa ni ile ya baada ya Ramadhani, maana nyumbani Kenya ndiyo sikukuu ya taifa. Nikamwambia Mwende aombe ruhusa siku hiyo. Akapewa, akaningoja. Madam hakuondoka Riyadh, nikadhani amebadili nia.

Jana ndiyo tumekuja. Leo asubuhi nikamuuliza Bi Salma, Mzanzibari anayepika katika nyumba hii ya mamake Madam, kubwa ni ipi.

"Ni hii ya kuchinja, ya Nabii Ibrahimu na yule kondoo. Kwetu ni Idi ya Mfunguo Tatu. Ni mwezi wa tatu tangu tumalize kufunga."

Nikampigia Mwende, ambaye yuko barabara ya pili tu kutoka hapa.

"Nimeomba tena, Madam wangu amekataa," akasema. "Siku yangu nilishaitumia."

Hakunilaumu. Hilo ndilo liliniuma.

Alasiri kengele ikalia, nikafungua mlango. Alikuwa Mwende, na sinia la nyama. Madam wake alikuwa akiwagawia majirani, naye akajitolea kuleta ya nyumba hii.

Tulipata dakika kumi pale mlangoni. Tulishikana mikono, yake ikiwa na mafuta ya kondoo.

Kwenu hii Idi mnaiitaje? Niambieni, nisikosee tena.