Mahali pa Bibi Kutawadhia

Miaka yote nimekanusha, hata mbele ya mama, lakini kweli ni kwamba sikutaka bibi aje Texas. Leo mafundi wanavunja bafu la jirani hapa Euless, na vumbi la zege limeingia mpaka kwenye chai yangu. Mimi, mwenye shahada mbili, nimekaa nalinusa kama mwenye mimba.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Irving. Baba alikodi mashine ya umeme ya kuvunjia zege, nzito kama mbuzi, akaanza kuchimba sakafu ya bafu ili amjengee bibi, mama yake, mahali pa kutawadhia, penye bomba la chini na kibao cha kukalia. Nyusi za baba zilikuwa nyeupe kwa unga.

"Magoti yake hayamruhusu kuinua mguu mpaka kwenye sinki," alisema.

"Lakini atalala rumu yangu."

"Yako? Uliinunua lini, mama?"

Akacheka, akaiwasha mashine tena. Vigae viliruka, nyumba ikatetemeka, na simu ilipolia hakuisikia. Nikaenda kuipokea mimi. Alikuwa shangazi, kutoka Mombasa.

"Mwambie babako bibi kanyimwa viza mara ya tatu. Anasema basi, hajaribu tena."

Nikarudi bafuni. Baba akazima mashine, akajifuta macho kwa kiwiko, akaniuliza ni nani aliyepiga.

"Wamekosea namba," nikasema, nikishindwa kumwambia kwamba nimepata nilichotaka, naye akaendelea kuvunja.