Wizara kwa Rangi, Mawaziri kwa Chaki

Serikali nzima niliiandika ukutani, kwenye kibanda cha kinyozi pale Makorora. Wizara nilizipaka kwa rangi ya mafuta, mawaziri nikawaandika kwa chaki. Nilijiona nina akili: mtu huja akaenda, wizara ipo palepale. Shule niliishia la saba, serikali nimejifunza kwa redio. Ukibisha nani waziri wa nini, kinyozi, ambaye ni rafiki yangu, anakusimamishia mkasi katikati ya kichwa mpaka ukubali.

Basi ikasemwa kuna waziri anakuja, na kikundi cha ngoma kitakachomfurahisha kitapelekwa Dar kwenye sherehe. Kikundi chetu kiongozi ni shangazi yangu. Dar alikuwa hajafika, na wapinzani wetu wa Usagara walishakwenda, wakarudi hata salamu wanaitikia kwa pua. Akaja kibandani.

"Weye ndo mwenye serikali. Huyu bwana wa nini?"

Nikamsomea. Jina la wizara refu kama msafara wa harusi, lakini akalitungia wimbo, wanawake wakalikariri.

Jioni ya kuamkia ugeni, redio ikatangaza mabadiliko ya baraza la mawaziri. Mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa adimu siku hizo, yetu tulikuwa tunayaanika juani kama dagaa. Mtangazaji akaanza na waliobaki barazani, jina la bwana wetu likatajwa, kisha mawe yakafa. Nikaenda mbio kwa shangazi.

"Yumo. Lala salama."

Kesho yake uwanjani, mshereheshaji akamkaribisha waziri kwa wizara ambayo sijawahi kuisikia. Ile yetu ilishagawanywa, nusu huku, nusu kule, na bwana kapewa mpya, yenye biashara huria ndani yake. Shangazi akanitazama. Wa Usagara wakajifunika khanga midomoni, mabega yanacheza.

Ngoma ikalia. Shangazi akaanza, taratibu kabisa:

"Wizara ipo, wizara haipo..."

Wanawake, bila kuambiwa, wakaitikia: "Bwana wetu yupo."

Mheshimiwa akacheka mpaka akavua miwani. Akaomba irudiwe.

Kikundi chetu kikachaguliwa. Shangazi akaja kibandani na ndoo ya chokaa.

"Futa."

"Shangazi, kosa la serikali hili, si langu." Mpaka leo nasema hivyo.

"Paka chokaa, uandike yote kwa chaki. Na ununue mawe, mwanangu."

Nilikuwa bado napaka, akaingia kijana mmoja wa Usagara kunyoa. Eti shangazi yangu alidokezwa mapema, wimbo ule aliupanga. Nikamkamata shati kwa mikono yangu ileile ya chokaa. Nikamwambia shangazi yangu hakudokezwa na mtu. Angedokezwa, angedokezwa na mimi, na mimi nilikuwa sijui kitu.

Kinyozi akamsimamishia mkasi.