Hodi ya Mgodini

Usinianze na maneno ya joto la Doha. Najua watu wakipigwa na jua huona mambo, lakini mie siku hiyo nilikuwa ndani, kiyoyozi kinanguruma, nimevaa sweta. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi. Nilichokiona nilikiona kwa macho yangu haya, wallahi, na anayetaka kucheka acheke.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja wa Kihispania, nikimwita Babu. Binti yake alikuwa akifanya kazi ofisini, na tulikaa West Bay, juu kabisa ya mnara, pahala ambapo dirishani waona anga tu. Babu alichimba makaa ya mawe ujana wake wote, kwenye bonde moja la kwao lililobanwa na milima. Migodi ikafungwa, vijana wakahama, nyumba zikabaki na makufuli. Vumbi la makaa lilimharibu mapafu, akawa apumua kwa mpira wa oksijeni puani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuhakikisha mpira huo hautoki. Ukitoka, muda si muda, Babu hatunaye.

Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokota, chake na changu. Akanihadithia habari za rafiki yake, Nando. Mgodi uliporomoka, Nando akabaki ndani, na walioko nje wakamsikia akigonga bomba: ngo, ngo, ngo. Kwao aliyefukiwa hugonga, na ukimjibu umemwahidi kuwa unakuja kumtoa. Maji yalikuwa yakijaa, wakubwa wakakataza mtu kuingia, basi hakuna aliyejibu. Tangu siku hiyo Babu aliusikia mlio ule kwenye kuta za nyumba yake, mpaka binti akamleta huku, nchi isiyo na hata kilima, na mlio ukamfuata.

"Ukisikia kugonga, usijibu," akaniambia. "Usijibu kamwe."

Nikasema sawa, Babu. Uzee nao una mambo yake, nikajisemea.

Sasa sikiliza nilivyojiponza. Mie mtoto wa Mombasa, na kwetu mtu hukaribishwa kabla hajaonekana. Babu mwenyewe nilimfunza. Akitaka kuingia jikoni hugonga mlango kwa mkongojo, husema "hodi" kwa ule ulimi wake mzito, nami naitika, tunacheka. Basi alasiri moja nakaanga vitunguu, mafuta yanachachatika, nikasikia ngo, ngo, ngo.

"Karibu, Babu!"

Ulimi haukuuliza akili. Nikageuka, mlangoni hapana mtu. Ndipo nikang'amua kuwa kule kugonga kulitoka ukutani, nyuma ya jiko. Na nyuma ya ukuta ule kuna nini? Hewa tupu, mpaka chini barabarani!

Nikazima moto. Kwenye vigae vyeupe kulikuwa na nyayo za viatu, nyeusi, mbichi kwa maji. Zilianzia ukutani, zikapita ubavuni mwangu, zikaelekea chumbani kwa Babu. Zimepita ubavuni mwangu, waelewa? Nami nimesimama papo hapo!

Miguu ilitaka mlango wa nje, sikufichi. Lakini Babu alikuwa amana ya watu mikononi mwangu, nikakimbilia chumbani.

Kijana alikuwa amekaa kitandani kwake. Uso wote makaa, macho tu ndiyo meupe, taa ya kofia yake yawaka hafifu, maji yanamchuruzika vidoleni. Babu anamtazama, machozi yanamtoka, anaita "Nando, Nando." Mpira ameshautoa puani. Midomo imeanza kuwa ya buluu, naye ahangaika kuvaa viatu!

Nikaurudisha mpira, akautoa. Nikamshika mkono huu, kijana akamshika ule, na baridi ya yule kijana niliisikia kupitia mwilini mwa Babu, niamini. Nikasoma kila aya niliyoikumbuka, hakutikisika. Na Babu anazidi kuinuka! Ningemwambia nini binti yake? Kiingereza chote kilinikimbia, nikapiga kelele kwa Kiswahili:

"Mwache! Hakukuitika yeye! Niliyekukaribisha ni mimi!"

Akamwachia. Akageuza kichwa polepole, taa ikanimulika, akanikazia macho kama mtu anayetaka asiisahau sura. Kisha hakuwepo tena, na mlango haukufunguka.

Babu alipona. Yu hai mpaka leo, alala fofofo, asema kuta zimenyamaza. Binti yake aliporudi aliziona zile nyayo, akaniuliza nimemwaga nini. Nikamwambia makaa. Akadhani natania.

Kuta za Babu zimenyamaza kwa kuwa sasa zinagongwa zangu. Niliacha kazi ile, nikahamia chumba cha kuchangia mtaa wa Abu Hamour, Doha hii hii, akanifuata. Hugonga mchana, hugonga nikiwa naswali, kwa upole, kwa adabu zake zote. Wenzangu chumbani wasema ni mabomba ya maji. Mie siitiki.

Mkataba wangu umekwisha na kila mtu aniuliza mbona sirudi. Mwanangu aniuliza kwenye simu, "Mama, waja lini?" Namwambia bado kazi. Nitamwambiaje, jamani? Nikirudi, naye atakuja nami, na nyumba yetu haina hodi inayopita bila kuitikiwa. Mama yangu ataitika. Mwanangu atamtangulia mama yangu kuitika, maana mimi ndiye niliyemfunza, na nilimsifu kwa hilo mbele za watu.

Kwa hivyo nawe uliye ugenini, kwenye nyumba za watu ambao hujui wamezika nini, ukisikia kugonga uliza kwanza ni nani. Wakuone huna adabu, potelea mbali. Na ukienda likizo Mombasa, nitakuelekeza kwetu, umpelekee mwanangu salamu na zawadi yake. Ila nakuomba, ukifika mlangoni usibishe hodi. Mwite kwa jina lake.